Siku moja ya miji ya kale Mombasa: anzeni kisimani

Swali limetoka kwa mwalimu mmoja wa Nakuru: "Mwezi wa nane nitakuja Mombasa na mama yangu wa miaka 72, ambaye goti moja linamsumbua, pamoja na watoto wangu wawili, wa gredi ya nne na ya sita. Tuna siku moja tu ya kutembea. Kampuni moja imetuahidi Gede, Mnarani, Jumba la Mtwana, Ngome ya Yesu, Mji wa Kale na Rabai, yote siku hiyo hiyo, tukiondoka saa kumi na mbili alfajiri. Sisi ni Wakristo. Je, tutaruhusiwa kuingia misikitini? Na mama amesikia Gede kuna majini, anasema hatatia mguu. Unatushauri vipi?"

Mwalimu, kwanza mpe mama shikamoo yangu. Umeuliza mambo kadhaa na nitayafikia yote, lakini naanza na ratiba. Hiyo ya sehemu sita usiikubali. Kampuni yenyewe siijui wala siisemi vibaya, ila ratiba hiyo haitembeki.

Piga hesabu ya barabara. Kutoka kisiwani Mombasa hadi Gede ni kama kilomita 100 kwenda mbele, kwenye barabara ya Malindi. Njia ikiwa wazi ni saa mbili, lakini njia hiyo haiwi wazi kila siku: kuna foleni ya Mtwapa, na barabara yenyewe imekuwa ikipanuliwa hadi Kilifi. Rabai nayo haiko upande huo kabisa. Iko bara, juu ya vilima, unapitia Mazeras kwenye barabara ya Nairobi. Mkienda Gede mrudi, kisha mpande Rabai mrudi, mtakuwa mmekaa garini saa sita au zaidi kabla hamjaona chochote. Mama mwenye goti bovu atashuka na kupanda gari mara sita, kila mara akiambiwa "haraka kidogo mama, tumechelewa".

Nilikosea hivyo hivyo mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo katika kazi hii ya kuongoza wageni nilipokea kikundi cha akina mama wa kanisa kutoka bara, nikawapeleka sehemu tano kwa siku moja. Nilidhani nimewatendea haki. Jioni, tumesimama juu ya ngome, mama mmoja aliniuliza, "Hapa ndipo pale penye kisima?" Nikamwambia hapana, kisima tulikiona asubuhi. Akanyamaza kidogo, akasema kwa upole, "Mimi nimeona kuta tu, mwanangu." Neno hilo lilinikaa. Tangu siku ile sipeleki mgeni zaidi ya sehemu tatu kwa siku, na moja kati ya hizo lazima iwe ya kukaa kitako.

Kwa nyinyi wanne ningepanga hivi: Jumba la Mtwana asubuhi, Kengeleni mkirudi, chakula na mapumziko ya mama, kisha Mji wa Kale na Ngome ya Yesu kuanzia alasiri. Gede nimeiacha nje kwa makusudi, na sababu zangu nitazieleza.

Jumba la Mtwana ni mji wa Waswahili uliojengwa yapata mwaka 1350 ukahamwa mapema katika karne ya 15. Uko ufuoni, ng'ambo ya daraja la Mtwapa. Unaingia mkono wa kulia kisha unafuata njia ndogo kama kilomita tatu. Kutoka mjini ni kilomita 15 hivi. Jina hili, nyumba ya mtwana, yaani mtumwa wa kiume, ndilo wenyeji walilolijua karne hizi za karibuni. Jina ambalo watu wa mji walijiitia wenyewe halikutufikia. Waliochimbua, kazi iliyoongozwa na James Kirkman mwaka 1972, waliupimia umri wake kwa vigae vya vyombo vilivyovunjika: aina za kauri zilizoonekana, na zile za baadaye ambazo hazikuonekana kabisa. Waeleze watoto hilo mapema. Mtoto akijua kwamba kigae kidogo kama kucha ndicho kinachotaja umri wa mji mzima, hatakiokota akatia mfukoni.

Fikeni saa mbili na nusu, makumbusho yanapofunguliwa. Msikimbilie baharini kwanza, ingawa watoto watataka. Nendeni kisimani.

Hili ndilo ningependa mlibebe siku nzima: msikiti wa kale wa pwani unaanza kuusoma kwenye maji. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alilala usiku mmoja Mombasa akaelekea Kilwa. Usiku huo mmoja ulimtosha kuona kwamba kwenye milango ya misikiti yetu kulikuwa na kisima kimoja au viwili, maji yakitekwa kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba, na pembeni ya kisima pamesakafiwa. Anayetaka kuingia huosha miguu, kisha huipangusa kwenye mkeka mnene ulio mlangoni, kwa sababu watu walitembea peku. Mji wa Jumba ulijengwa miaka michache tu baada ya yeye kupita. Ukisimama kwenye birika la msikiti pale, unaona kwa macho kile alichokiandika: kisima, mfereji wa kupitishia maji, birika, halafu mlango. Katika misikiti mingi ya kale ya pwani utakuta hata vipande vya matumbawe vilivyopachikwa chini, vya kusugulia nyayo. Mwambie mtoto wa gredi ya nne asimame hapo, afanye kama anaosha miguu, ageuke, aingie. Hatua zake zitampeleka palepale walipopita watu wa mji miaka zaidi ya 600 iliyopita, na hahitaji maelezo mengine.

Akishaingia, mwulize kibla kiko wapi. Kwetu pwani kibla ni kaskazini, kwa hiyo asubuhi jua liwe mkono wake wa kulia, na mbele yake ndipo penye mihrabu, ile pango ya ukutani anaposimama imamu. Kisha mwonyeshe mawe. Kuta zimejengwa kwa mawe magumu ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu, lakini mihrabu na miimo ya milango huchongwa kwa matumbawe laini yaliyotolewa baharini yakiwa mabichi, ambayo huchongeka kama mti na kukauka yakawa magumu. Chokaa nayo ni matumbawe yaliyochomwa. Paa lilibebwa na boriti za mikoko, na hapo pana siri moja ya ujenzi wa Waswahili: chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti. Wapime kwa hatua. Vyumba vya nyumba za Jumba ni virefu na vyembamba, upana usiozidi mita tatu hivi, na misikiti iliyotaka upana zaidi ililazimika kusimamisha safu za nguzo katikati. Mtoto wa gredi ya sita anaweza kuifanya hiyo iwe hesabu ya darasani.

Kuna misikiti minne Jumba. Ule wa ufuoni ndio mzuri kuliko yote, na ndani yake huonyeshwa sehemu iliyotengwa, inayoaminika kuwa ya wanawake. Mwonyeshe mama. Karibu na msikiti huo pana kaburi lenye maandishi ya Qurani, aya ya 185 ya sura ya Aal Imran, inayosema kila nafsi itaonja mauti. Mimi hapo hunyamaza. Nimeona wageni wa dini zote wakinyamaza pamoja nami, na sijawahi kuona aliyehitaji kufafanuliwa.

Nyumba ya Milango Mingi pia ipitieni. Vyumba vyake vingi vyenye njia zake vimefanya watu wadhani palikuwa pa kupangisha wageni. Halafu mkae. Chini ya miti pana kivuli, na upepo wa kusi mwezi wa nane ni wa baridi. Mji huu haukuwa na bandari. Waliuweka hapo kwa ajili ya maji matamu na upepo, na pengine kwa sababu adui wa jahazi kubwa asingepata pa kutia nanga. Mama akiwa amekaa, ndipo sasa watoto washuke pwani.

Kuhusu misikiti inayotumika leo. Misikiti ya Mji wa Kale si makumbusho. Watu husali humo mara tano kwa siku, na kwa mgeni asiye Mwislamu kuingia ni ruhusa ya wenye msikiti. Mahali pengine mwongozaji anayejulikana mtaani akimwomba mwadhini au msimamizi, nje ya nyakati za sala, mtakaribishwa mchungulie au muingie hatua chache, viatu nje. Pengine mtaambiwa samahani. Kwa wanawake ni shida zaidi, kwani upande wao, kama upo, huwa na mlango wake, na upande wa wanaume hawaingii. Ukikataliwa usivutane na mtu, na usikubali mwongozaji wako avutane kwa niaba yako. Ndiyo maana nikakuanzishia Jumba: pale mmekwisha kuona kila kitu kilicho ndani ya msikiti, kwa utulivu, bila kumsumbua anayesali. Mkifika mjini, mlango ukiwa wazi na birika likionekana kutoka barabarani, watoto watakuambia wenyewe kile ni nini.

Siku isiwe Ijumaa. Kuanzia saa sita mpaka saa nane kasoro mji wote uko msikitini, maduka mengi yamefungwa, na mgeni anayezunguka na kamera wakati huo anajisikia vibaya hata kama hakuna aliyemsema. Siku nyingine angalieni adhuhuri, ambayo Mombasa huwa karibu saa sita na nusu, na alasiri, kabla ya saa kumi.

Mkitoka Jumba mtarudi kwa barabara ileile mpaka Nyali, na pale Kengeleni mwombe dereva apunguze mwendo, au asimame kama atapata pa kusimama. Watu hupita hapo kila siku wakitaja jina bila kulifikiria. Ile kengele ipo kweli, imening'inia kwenye mnara wake mdogo kando ya njia panda. Ni kengele ya Freretown, kijiji cha watumwa walioachwa huru kilichoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana miaka ya 1870, kikapewa jina la Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa kusukuma ule mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja. Iligongwa kuwaita watu kanisani, na iligongwa pia kuwaonya kwamba wakamataji wa watumwa wanakuja. Dakika kumi zinatosha hapo, lakini msipite bila kuiona. Wazee wa Freretown, waliokuja kutoka Malawi, Msumbiji, Tanganyika na hata kupitia India, walianza maisha upya chini ya sauti hiyo.

Chakula cha mchana mle mjini, kisha mama alale kidogo. Hilo silo jambo la hiari. Saa tisa u nusu hivi ndipo jua linalegea.

Anzeni na Ngome ya Yesu, kwa kuwa inafungwa saa kumi na mbili jioni. Wareno waliijenga kuanzia mwaka 1593, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mjenzi kutoka Italia, na tangu 2011 iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Njia ya kuingilia ina mwinuko, mama apande polepole akishikwa mkono. Ndani hakuna haja ya kuzunguka kila pembe. Mnavyotafuta nyinyi ni alama za dini, na ngome hii imejaa hizo kuliko watu wanavyofikiri. Ndani yake palikuwa na kanisa, na msingi wake bado unaonekana. Kanisa kwa Kireno ni igreja, na wataalamu wa lugha wengi wanasema ndiko lilikotoka neno letu gereza; ngome yenyewe ilifungia watu tangu mwaka 1895 mpaka 1958, chini ya Waingereza. Waambie wanafunzi wako ukirudi Nakuru. Na leso aliyojifunga mama, nalo ni neno la Kireno.

Lakini hadithi ambayo ningekuomba uipe muda ni ya Yusuf bin Hassan. Baba yake, mfalme wa Mombasa, aliuawa kwa njama ya Wareno mwaka 1614. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri wa Augustino, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo, akarudishwa kutawala mji wa baba yake kama mfalme Mkristo. Mwezi wa nane mwaka 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapteni, akarudi katika dini ya wazee wake. Wakristo waliokataa kuiacha imani yao, Wareno na Waafrika, waliuawa, na Kanisa Katoliki linawakumbuka kama mashahidi wa Mombasa. Mwaka uliofuata aliihama ngome na Wareno wakarudi. Mimi ni Mwislamu wa Mombasa na hadithi hii huwasimulia Wakristo bila kuificha pande zote mbili: mtoto aliyenyang'anywa baba na dini, na watu waliokufa wakishika yao. Mwongozaji anayekupa upande mmoja tu, awe upande wowote, mwache aseme, kisha mwulize upande wa pili.

Kama watoto bado wana nguvu, waonyesheni vitu vilivyotolewa kwenye jahazi la Wareno la Santo António de Tanná, lililozama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati Waomani wameizingira. Mzingiro ule ulikwenda miezi 33, toka 1696 hadi 1698.

Kutoka ngomeni ingieni Ndia Kuu. Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, husema ndia, si njia, kwa hiyo jina lenyewe linakuambia uko wapi. Hapa mpandisheni mama tuktuk kama amechoka. Vichochoro vingi tuktuk hupita, na dereva wa mtaani atawasubiri kwa makubaliano. Mtapita milango ya nakshi na roshani za mbao, mpaka Msikiti wa Mandhry, ambao kwa desturi huhesabiwa kuwa wa mwaka 1570 na ni miongoni mwa mikongwe inayotumika mpaka leo. Usimame nje uutazame mnara wake. Ni mnene chini, unapungua ukienda juu, umepakwa chokaa nyeupe, haufanani na minara mirefu myembamba ya siku hizi. Mimi naona unafanana zaidi na nguzo za makaburi ya kale kuliko na mnara wowote wa Uarabuni, na mkishaona picha ya kaburi la nguzo la Mnarani au Gede mtaelewa nasema nini.

Hapo karibu ziko ngazi za Leven zinazoshuka baharini, na chini yake pana kisima cha maji matamu ambacho mabaharia walikuwa wakitekea. Mama asishuke. Nyinyi shukeni mara moja mtazame, mrudi. Mtakuwa mmeanza siku kisimani na mnaimalizia kisimani. Halafu tafuteni baraza, lile benchi la mawe lililo nje ya nyumba, muombe kukaa, mnywe kahawa tungu kwa halua au kaimati. Mzee atakayewakaribisha atataka kujua mmetoka wapi, na mama yako atapata mtu wa rika lake wa kuzungumza naye. Magharibi ikiingia, adhana za misikiti yote zitapanda karibu pamoja. Kaeni kimya mpaka ziishe.

Sasa Gede. Najua mlitamani kwa sababu mwaka 2024 UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia, na inastahili. Ni mji mzima ndani ya msitu, ekari kama 45, wenye ukuta wa nje na wa ndani, ikulu, Msikiti Mkuu ambao juu ya mlango wake mmoja umechongwa mkuki, na kaburi lenye tarehe: mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Ulistawi sana karne ya 15, ukahamwa karne ya 17. Vigae vya Kichina vimepatikana humo, pamoja na shanga, na watu mpaka leo wanajadili kwa nini wenyewe walihama. Wako wanaosema maji ya visima yalizidi kushuka, wako wanaotaja vita. Mji wa namna hiyo unataka asubuhi nzima, miguu mizuri, na akili isiyofikiria foleni ya Mtwapa. Njooni tena, mlale Watamu au Malindi, mwende Gede mapema kabla ya joto, na mkirudi msimame Mnarani, juu ya mkono wa bahari wa Kilifi, mwone misikiti, kaburi la nguzo na mbuyu wake mkubwa. Kama watoto wanalilia Gede safari hii hii, basi fanyeni Gede na Mnarani peke yake na Mombasa muiache kabisa. Kuchanganya vyote ndiko ninakokataa.

Na majini ya Gede. Mama asichekwe kwa hilo. Wagiriama wanaoishi kandokando wanaamini magofu yale yana wenyewe, wazee wa dini wa zamani, ambao huchukizwa na anayeharibu au kuiba. Nimeingia Gede mara nyingi sana na kilichonisumbua ni nyani wadogo wanaonyang'anya ndizi. Lakini imani ile imelinda mawe yale kuliko ua wowote. Mwambie mama kwamba kinachotakiwa ni adabu: hukalii kaburi, hupandi ukuta, huchukui kitu, huandiki jina lako. Mwenye kufanya hivyo hana ugomvi na yeyote aliye pale, aonekane au asionekane. Kama bado moyo wake haumpi, akae kivulini nje, langoni, na hilo ni haki yake. Jumba husikii sana habari hizo, na hiyo ni sababu moja zaidi ya kuanzia huko.

Rabai ingempendeza mama, nakubali. Mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi wa saba mwaka huohuo akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga upande wa Nyali. Hata hivyo hakurudi kwao wakati huo. Mwaka 1846, pamoja na Johannes Rebmann, alianzisha misheni Rabai, na leo mahali pale pana makumbusho yenye jina lake, kanisa la St. Paul's na nyumba walizoishi. Baadaye watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia huko. Karibu yake iko misitu ya kaya za Warabai, makao yao ya kale wanayoyaheshimu kama patakatifu, ambayo pamoja na kaya nyingine za Mijikenda iliingia Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kwenye kaya huingii ila na ruhusa ya wazee, na masharti yao juu ya mavazi na picha hufuatwa bila kubishana. Ukiona mama anavutwa na Rabai kuliko Jumba, badilisha: Rabai asubuhi, mjini alasiri. Mpango utakuwa mzuri vilevile, ila watoto watakosa kisima na bahari.

Mwongozaji mchague kwa kumwuliza maswali. Awe na leseni ya utalii, akuonyeshe. Mpatane bei kabla ya kuanza, kwa kikundi na si kwa kila kichwa, na mjue inafika wapi. Mwulize kitu ambacho jibu lake unalijua sasa, mathalani kibla cha Jumba kinaelekea wapi, usikie atajibuje. Jumba na ngomeni wako waongozaji wa makumbusho wenyewe pale langoni, na wengi wao wanaijua kazi. Ukiwa ngomeni au Ndia Kuu mtu akikushika mkono akaanza kueleza bila kuulizwa, mshukuru, mwambie una mwenyeji wako, endelea na safari.

Kitambulisho usikisahau, kwa kuwa kiingilio cha raia ni tofauti na cha mgeni, na siku hizi makumbusho hulipwa kupitia eCitizen, kwa hiyo simu iwe na chaji na pesa. Gari kodisheni la siku nzima na dereva wake. Kwa watu wanne halitakuwa ghali kuliko kupanda na kushuka. Mavazi, hakuna sare: magoti na mabega yafunikwe, wewe na mama muwe na leso mbili kila mtu, ya kujifunga na ya kujitanda. Viatu viwe vya kuvuliwa upesi na visivyoteleza, hasa vya mama, maana mawe ya Jumba yana kuvu kidogo kivulini. Picha za kuta pigeni mtakavyo. Picha ya mtu, hasa mwanamke mtaani, ombeni kwanza.

Ukishapata tarehe kamili nitumie, nikutazamie maji. Ikiwa ni bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, na asubuhi bahari imekupwa, watoto watatembea mbali sana juu ya mwamba pale Jumba, na itabidi mtu mzima awafuate. Yakiwa maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu, mnaweza kukaa nyote pamoja na mama chini ya miti.